Aliyeipima Bahari Akiwa Mikumi

Kama hujawahi kuchekwa na Mwamvua wa Mikumi, basi hujachekwa bado. Mwamvua ni mama lishe, kibanda chake kiko kando ya barabara kuu ya Iringa, na akicheka hucheka mwili mzima, mwiko mkononi, mpaka wateja wanasahau wali wao na kuanza kucheka naye bila kujua kinachochekesha. Siku Perpetua, mama yake Imani, aliposhusha kompyuta kuukuu kutoka kwenye gari la magunia, imefungwa kwa kanga mbili na kamba ya katani, Mwamvua aliacha maharage yakaungua.

"Mama Imani!" alipiga kelele. "Watu wamepewa kiinua mgongo wamenunua mabati, wewe umenunua televisheni isiyo na picha?"

Perpetua hakujibu. Ndivyo alivyo mpaka leo. Ukimtukana anakaa kimya, ukimsifu anakaa kimya, ila ukikosea hesabu mbele yake, hapo ndipo utamjua.

Alizaliwa Vidunda, mlimani kabisa, kule ambako mtu akikwambia "ni hapo tu" ujue magoti yako yamekwisha. Alisoma shule ya misheni. Darasa zima lilikariri kitabu cha logi, zile namba za kurahisishia hesabu kubwa, kama katekisimu, safu hadi safu, lakini yeye alinyoosha mkono akamuuliza sista ni nani aliyekaa chini akazihesabu namba zote hizo, na alijuaje kwamba hakukosea. Sista akamwambia swali hilo alitunze, maana wengi hawana. Perpetua alilitunza.

Baadaye alipata kazi ya ukarani stesheni ya Kilosa, dirisha la tiketi, akakaa hapo miaka kumi na saba. Na reli, kama ulikuwa hujui, ina saa zake. Ubao wa stesheni huandikwa kwa saa ishirini na nne, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Watu wa Kilosa wana saa zao, zinazoanza jua linapochomoza, kama za Mswahili yeyote. Katikati ya saa hizo mbili watu wengi sana wameachwa na treni.

Aliyemuuma zaidi ni mzee mmoja wa Lumuma. Mwaka wake wa kwanza kazini, Perpetua alimkatia tiketi iliyoandikwa 02:00. Mzee akashukuru, akaenda kulala kwa ndugu, akarudi saa mbili asubuhi amevaa koti lake la harusi, kuku wawili kwapani. Treni ilikuwa imepita saa nane usiku. Harusi ilikuwa ya binti yake, huko Dodoma. Mzee hakugomba. Alikaa tu kwenye benchi akiwapapasa wale kuku, na Perpetua alilia chooni. Kuanzia siku hiyo, kila tiketi iliyopita mkononi mwake aliigeuza, akaandika nyuma kwa penseli: "saa nane usiku", "saa kumi na moja jioni". Wenzake walimcheka, wakasema anapoteza penseli za serikali. Lakini dirisha lake ndilo lililokuwa na foleni ndefu, na hakuna aliyekata tiketi kwake akaachwa tena.

Kumbuka hilo la penseli. Litarudi.

Mwaka tisini na saba punguzo la wafanyakazi likapita kama upepo wa kiangazi. Soko huria, wakasema. Shamba la katani lilikuwa limeshalala, sasa ikawa zamu ya reli. Perpetua na mumewe Rafaeli, fundi wa njia ya treni, walipunguzwa kazi siku moja. Rafaeli akachukua jembe akaenda kulima Zombo kwenye shamba la baba yake. Perpetua yeye alisikia kwamba kuna mradi wa wafadhili unafunga ofisi Kilosa na unauza vitu vyake: meza, mafeni, kompyuta moja. Alikwenda kuitazama. Ilikuwa imekaa kwenye kona, imefunikwa gazeti, na juu yake kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachofundisha namna ya kuiandikia kompyuta maagizo, mstari kwa mstari. Alifungua ukurasa wa katikati, akasoma akiwa amesimama, miguu ikafa ganzi.

"Inunue," Rafaeli alimwambia. "Mahindi nitalima mimi."

Mama yake mzazi, bibi Magreti, alikuwa na maoni mengine. Alishuka kutoka Vidunda kwa miguu, akaitazama ile kompyuta kama mtu anavyomtazama mkwe asiye na kazi, akasema kwa Kividunda kwamba pesa hiyo ingenunua ng'ombe, na ng'ombe angezaa.

Basi, Mikumi ndiko kulikokuwa na umeme na watu wa kupita, na ndiko Perpetua alikofungua duka lake la kuchapa, ukuta kwa ukuta na Mwamvua. Alichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya kijiji. Na kila alipokosa mteja, alifungua kile kitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kukatia tiketi, kwa hiyo kamusi ilichakaa kabla ya kitabu. Baada ya mwaka alikuwa ameandika programu ya kukokotoa umbali na muda wa mabasi kutoka Mikumi kwenda kokote, na nyingine ya kumwambia Mwamvua apike kilo ngapi za mchele siku ya mnada. Mwamvua aliicheka ile ya mchele, akaitumia, hakumwambia mtu.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa akaingia dukani kijana mtu mzima, mpole, mwenye begi la ngozi. Aliitwa Onesphory, mtoto wa mkata katani wa Kilosa aliyesoma hadi akawa mtafiti msaidizi wa mambo ya bahari huko pwani. Alikuwa njiani kwenda ukweni, anataka kuchapiwa barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu, inamalizia hesabu."

Onesphory akatazama kioo cha kompyuta, namba zinavyoshuka. Akasahau barua.

"Mama, hii programu nani kakuandikia?"

"Nani aniandikie? Kwani mikono yangu inaumwa?"

Onesphory akavuta kiti karibu, akaanza kueleza. Mradi wao ulikuwa na madaftari ya miaka mitatu. Mpimaji mmoja, mzee wa pwani, alikuwa akiingia majini kila siku, mara nne, kupima joto na chumvi ya bahari. Kutokana na namba hizo mbili, kuna hesabu inayokupa densiti, yaani uzito wa maji ya bahari: mita moja ya ujazo ina kilo ngapi. Maji yakipata joto hupungua uzito, yakizidi chumvi huongezeka. Ukiujua uzito huo ndipo unapojua maji gani yatazama na yapi yatapanda, na samaki wafuatwe wapi. Lakini hesabu yenyewe ni ndefu ajabu, kwa mkono utazeeka nayo. Kompyuta yao iliyokuwa na programu iliunguzwa na umeme, na mtaalamu aliyeiandika alisharudi kwao Ulaya.

"Kanuni unazo?" Perpetua aliuliza.

Alikuwa nazo kwenye begi, nakala ya nakala, wino umefifia.

"Umewahi kuiona bahari, mama?"

"Sijaiona. Na wewe ulishawahi kuiona logi?"

Onesphory akacheka, akamwachia karatasi. Wiki mbili baadaye akaleta na madaftari yenyewe kwa basi, sanduku zima.

Perpetua aliandika programu ile kwa siku kumi na moja. Mwishoni mwa zile karatasi kulikuwa na mstari wa thamani kuliko zote: namba ya kujipimia. Maji yenye chumvi gramu thelathini na tano kwa kila elfu, joto nyuzi tano, yakiwa juu kabisa ya bahari, lazima yatoe kilo elfu moja na ishirini na saba nukta sita saba tano. Ukipata hiyo, umepatia. Swali la sista lilikuwa limejibiwa hapo: hivyo ndivyo mtu anavyojua kwamba hakukosea.

Mara ya kwanza alipata elfu moja na kumi na ushee. Bahari nyepesi namna hiyo labda ya kwenye ndoto. Akarudia mstari kwa mstari, siku mbili nzima, mpaka akagundua kwamba tarakimu aliyoisoma tatu kwenye ule wino uliofifia ilikuwa nane iliyolika upande. Akaibadilisha. Akabonyeza. Kioo kikaandika: 1027.675.

Perpetua, mtu wa kukaa kimya, alipiga kigelegele. Mwamvua akaja mbio na mwiko akidhani kuna msiba au nyoka.

"Nini?"

"Imekubali!"

"Nani kakubali? Kakuposa?" Mwamvua akatazama namba, akatazama rafiki yake, na kwa mara ya kwanza hakupata la kucheka. "Haya, hongera, mwenzangu," alisema. "Sijui ni nini, lakini hongera."

Mchana ule Perpetua alirudi juu kabisa ya programu, kwenye mstari ambao kompyuta huuruka bila kuusoma, uliowekwa kwa ajili ya binadamu tu, akaandika: "Programu ya densiti ya maji ya bahari. Imeandikwa na Perpetua wa Vidunda, Mikumi, 1999." Akausoma mara tatu. Jina lake halikuwahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo na kwenye orodha ya waliopunguzwa.

Kisha akaingiza madaftari. Fomu za mradi zilikuwa za Kiingereza, zimepigwa chapa vizuri, safu ya kwanza imeandikwa TIME. Chini yake mzee mpimaji alikuwa ameandika kwa mkono uliotulia: 1, 4, 8, 12. Kila siku hivyo hivyo, miaka mitatu. Perpetua akachapa kama alivyoona: 01:00, 04:00, 08:00, 12:00. Akapanga matokeo kwa saa, akayachapisha kwenye karatasi nzuri, akayatuma pwani kwa kondakta anayeaminika.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, Jumanne, kwa bahasha ya mradi. Halikutoka kwa Onesphory. Lilitoka kwa mkuu wa mradi mwenyewe, Dakta Lupakisyo, na lilikuwa fupi kama kofi.

Matokeo hayafai, aliandika. Yanaonyesha bahari inafikia joto la juu kabisa na wepesi wa juu kabisa saa mbili asubuhi, kisha inapoa adhuhuri jua likiwa utosini. Ni wazi kwamba programu imechanganya safu. Kazi ya kisayansi haifanywi kwenye vibanda vya kuchapia kadi za harusi. Jumamosi atapita Mikumi akielekea Mbeya, atachukua madaftari ayapeleke kwa watu wenye ujuzi mjini. Anaomba mstari wenye jina la mwandishi ufutwe kwenye nakala zote, ili mradi usihusishwe nao.

Perpetua aliisoma barua hiyo kwa utulivu mpaka pale penye jina. Hapo akairudia mara mbili. Kufukuzwa kazi alishafukuzwa, akameza. Kuchekwa alishazoea. Lakini kitu kimoja alichokifanya kwa akili yake mwenyewe, kikapimwa, kikapatikana sahihi hadi tarakimu ya mwisho, leo mtu anasema kifutwe jina! Alikasirika, tena alikasirika sana, na alikuwa na siku nne.

Jumatano aliipitia programu yote. Safi. Alhamisi aliiuliza namba ya kujipimia, ikajibu vilevile, 1027.675. Akachukua madaftari, akalinganisha safu kwa safu na alivyochapa. Hakuna iliyochanganyika. Joto lilikuwa palepale, kwa mwandiko wa mzee: kwenye 8 maji yana joto kali, kwenye 12 yameanza kupoa. Basi ni bahari yenyewe imerukwa na akili? Jioni ile hakula. Mwamvua alimletea sahani ya ndizi na nyama, akairudisha kama ilivyokuja. Hilo halijawahi kutokea, na Mwamvua alitangaza kituo kizima kwamba jirani yake anaumwa.

Habari za mlimani hazihitaji simu. Ijumaa mchana bibi Magreti akatokea mlangoni na fimbo yake, vumbi hadi magotini. Perpetua akamwamkia, mama akaitikia marahaba, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Nimesikia hiyo ng'ombe yako inaumwa," alisema akionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Haiumwi, mama. Ninaumwa mimi."

Feni inazunguka. Bibi Magreti akanywa maji, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga.

"Saa ngapi sasa? Nisije nikachelewa kupanda."

Perpetua akatupia jicho pembeni ya kioo cha kompyuta, palipoandikwa 14:05.

"Saa nane na dakika tano," alijibu.

Na hapo hapo akageuka tena kukitazama kioo.

Kioo kilisema kumi na nne. Mdomo wake umesema nane. Haukuomba ruhusa, haukufikiri, umegeuza tu, kama ulivyogeuza tiketi miaka kumi na saba. Akavuta madaftari kwa fujo, sanduku likamwagika sakafuni. Nane. Mzee wa pwani alipoandika 8 hakuwa na maana ya asubuhi. Alikuwa na maana ya saa nane, mchana, jua likiunguza! Moja yake ni saa moja asubuhi, jua limechomoza punde. Kumi na mbili yake ni magharibi. Akafunua kurasa akitafuta, miaka mitatu, hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa kumi na tatu wala kumi na nne. Na upande wa kulia, kwenye safu ya maelezo ambayo hakuna msomi aliyejishughulisha kuisoma kwa kuwa haikuwa na namba, aliona maneno yanayojirudia mbele ya 12. Aliyasoma, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee wa Lumuma!" alisema. "Jamani, mzee wa Lumuma amenirudia, na safari hii nimemwacha tena!"

Bibi Magreti alimtazama binti yake akicheka na kulia sakafuni kati ya madaftari, akaona si siku ya kupanda mlima. Akalala Mikumi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, gari jeupe likasimama. Akashuka Onesphory, macho chini, hana raha, na nyuma yake Dakta Lupakisyo, mzee mrefu wa miaka hamsini na ushee, shati limepigwa pasi hadi linakata. Mwamvua alikuwa amekwisha kueneza habari, kwa hiyo wapiga debe na abiria wa mabasi mawili walikuwa wamejaa mlangoni.

"Shikamoo, Dakta," alisema Perpetua.

"Marahaba. Madaftari yako tayari?"

"Yako tayari. Lakini jina langu sijalifuta. Nataka kwanza uipime programu mbele yangu. Ikikosea, nalifuta mwenyewe, tena utanisimamia."

Dakta akamtazama mara ya pili, vizuri zaidi. Alikuwa mtu mkali lakini si mtu mbaya, na mtu yeyote wa sayansi ukimwambia apime, huwa hawezi kukataa. Akamgeukia Onesphory, akamwambia alete lile dumu. Walikuwa na dumu la maji ya bahari kwenye gari, wanalipeleka Mbeya kuonyesha wanafunzi, limeandikwa ubavuni: chumvi, 35.

Wakamimina kwenye chombo kirefu cha kioo. Watu wakasukumana. Kijana mmoja mpiga debe akachovya kidole, akalamba, akatema. "Kumbe kweli!" akasema, na watu kumi wakataka kulamba. Dakta akatumbukiza kipimajoto, akasoma nyuzi ishirini na nane. Kisha akatoa kijiti cha kioo kinachoelea, kama kile wanachopimia maziwa yaliyotiwa maji, akakishika mkononi.

"Sema wewe kwanza," alimwambia Perpetua.

Perpetua akaandika thelathini na tano, akaandika ishirini na nane, akabonyeza. Akasoma kwa sauti ili watu wa mlangoni nao wasikie:

"Elfu moja ishirini na mbili, nukta nne."

Dakta akakiachia kijiti. Kikazama, kikapanda, kikacheza kidogo, kikatulia. Akainama mpaka jicho likawa usawa wa maji. Akavua miwani, akaivaa, akainama tena.

"Ishirini na mbili," alisema taratibu. "Na karibu nusu."

"Weee!" Mwamvua alipiga ukelele huko nyuma. "Kaipatia! Mama Imani kaipatia bahari!"

Mlango mzima ukalipuka. Dakta akanyoosha mkono kuomba utulivu, na uso wake ulikuwa umebadilika, lakini swali lilikuwa halijakwisha. "Programu ni sahihi," alisema. "Nakubali, na kwa hilo nakuomba radhi. Basi niambie ni kwa nini bahari inapoa adhuhuri."

Hapo Perpetua angeweza kumaliza kwa kumwaibisha. Alikuwa na watu, alikuwa na haki, na barua ilikuwa bado mfukoni. Alichukua daftari lililowekewa alama ya bua la nyasi, akalifungua, akampa kwa mikono miwili.

"Kosa lipo, Dakta, nami nimelifanya. Si kwenye programu. Soma mstari huo wa mwisho, hadi kwenye maelezo. Nakuomba usome kwa sauti, kwa Kiswahili."

Dakta Lupakisyo akarekebisha miwani.

"Saa kumi na mbili," alisoma. "Nimesoma kipimo kwa tochi, giza linaingia."

Akasoma tena, safari hii midomo tu ikitembea. Watu walimwona akihesabu kwa vidole, polepole, moja hadi sita. Kisha yule mzee mrefu mwenye shati la kukata akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka daftari mapajani.

"Fomu niliitengeneza mimi," alisema. "Nikaandika TIME. Mzee wa watu akajaza saa zake, kwa uaminifu, siku elfu moja, na tochi mkononi. Nami ninaamka nyumbani kwangu kila siku namwambia mke wangu tutakula saa nane. Lo! Nikaliona neno la Kiingereza, nikasahau saa za mama yangu."

"Hata mimi," alisema Perpetua. "Nimewaandikia watu saa nyuma ya tiketi miaka kumi na saba. Nilipoiona fomu nzuri nikajitia msomi."

Onesphory alianza kucheka kwanza, kicheko cha aibu, halafu Dakta akafuata, na Mwamvua, ambaye hakuwa ameelewa hata theluthi, akawashinda wote.

Perpetua aliongeza mstari mmoja tu kwenye programu: kila saa, ongeza sita. Akabonyeza. Jedwali likashuka upya, na sasa bahari ilikuwa na akili zake timamu: nzito asubuhi, nyepesi saa nane mchana, ikirudi kujitia uzito magharibi. Dakta alisimama nyuma yake akisoma kila mstari kwa kidole. Disketi ilipokwisha kunakiliwa, Perpetua aliishika, hakuitoa bado.

"Na mstari wa juu?" aliuliza.

"Usiuguse," alisema Dakta. "Mtu yeyote atakayeifungua programu hii, hapa au Ulaya, akutane na jina hilo kwanza. Ila nakuomba uongeze kitu. Jina la yule mzee mpimaji. Na hiyo habari ya saa, iandike kwa Kiswahili. Wasioelewa watafute kamusi, kama ulivyotafuta wewe."

Perpetua akageukia kioo haraka, maana machozi hayakumwomba ruhusa, akaandika.

Gari lilipoondoka, maji ya bahari yalikuwa yamebaki robo dumu, Dakta kayaacha kama zawadi. Bibi Magreti, aliyekuwa ameketi pembeni saa zote, aliinuka na fimbo yake. Akaomba chupa ya soda tupu kwa Mwamvua, akaijaza mwenyewe, akaifunga kwa gunzi la mahindi. Akaipeleka kwa binti yake.

"Niandikie uzito wake hapa."

Perpetua akaandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akakibandika: 1022.4. Bibi Magreti hajui kusoma namba zenye nukta. Alikipapasa kile kikaratasi kwa kidole gumba, akaiweka chupa ndani ya kanga, kifuani, upande anaobebea vitukuu.

Mwamvua akamuuliza kama bado angetaka ng'ombe badala ya kompyuta.

"Ng'ombe wapo wengi," alijibu yule bibi.

Njia nzima ya kupanda Vidunda watu walimwomba wamsaidie mzigo, akakataa. Kila aliyekutana naye alisimamishwa, akafunuliwa ile chupa, akaruhusiwa kuonja tone moja tu kwenye kiganja, akaambiwa: "Hii ni bahari. Mwanangu aliipima kabla hajaiona, na hakukosea."